Mnazi Katikati ya Herufi

Nimetengeneza vitu vingi vya kipuuzi kwa mikono hii, lakini hakuna kilichozidi upuuzi wa lile bango la taa. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nalisifia. Ilikuwa miaka ile ambayo Palma nzima, mji wetu wa pwani kusini ya mto Ruvuma, ilipatwa na homa ya gesi. Gesi yenyewe ilikuwa chini ya bahari, mbali, hakuna aliyeiona wala kuinusa, lakini kila mwenye vyumba vitatu na choo cha nje alijiita mwenye hoteli. Watu waliokuwa wakiuza dagaa kwa mafungu sasa walivaa viatu vyeusi vya kung'aa kwenye mchanga na kuulizana wageni wanafika lini. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea. Nilikuwa na banda la mabati kwenye barabara ya kwenda sokoni, mashine niliyovuka nayo Ruvuma kutoka Mtwara, na dharau ya kuutosha mji mzima.

Tajiri aliyeniletea kazi ile alikuwa muuza nguo na mchele, mtu mwenye asili ya ng'ambo ya mto kama nusu ya maduka yetu. Alikuwa amejenga ghorofa moja yenye vyumba kumi na viwili, akaipaka rangi ya waridi, na sasa alitaka bango linalowaka. Jina lake mwenyewe kwa herufi nane kubwa, baada yake neno HOTEL, na juu ya yote mwali wa gesi, mwekundu na buluu, wenye kimo cha mtu mzima. Jina hilo silitaji hapa. Nililikata herufi kwa herufi kwa msumeno na likanitosha.

Mchoro aliuagiza Pemba, makao makuu ya jimbo letu, si kile kisiwa, kwa bwana mmoja mwenye kompyuta na kadi ya kujitambulisha yenye pembe za mviringo. Bwana yule alikuja mara moja tu. Alisimama barabarani kiasi cha nusu saa, akapiga picha, akanywa soda tatu za tajiri, akaondoka bila kupima kitu. Wiki tatu baadaye tukaletewa karatasi inayoteleza. Ndani yake hoteli ya waridi ilikuwa na majani ya kijani yaliyofyekwa, gari jekundu, Wazungu wawili wanacheka, na bango refu linalowaka kutoka pembe hii ya ukuta hadi ile. Tajiri aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole kana kwamba ni hati ya peponi.

Nikaitazama, nikamuuliza, “Mnazi uko wapi?”

“Mnazi gani, fundi?”

“Ule ulioko mbele ya hoteli yako.”

Akaitazama tena. Kweli, haukuwemo. Nikampigia simu yule bwana wa Pemba.

“Coqueiro?” alisema. “Mnazi? Nimeutoa, mestre, fundi wangu. Ulikuwa unaziba bango.”

Ameutoa. Kwa kidole kimoja, akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ameung'oa mnazi uliokuwapo kabla mama yake hajabaleghe. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na tangu siku ile sikumhesabu mtu yule katika watu wenye akili.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Kiwanja kinaweza kuwa chako na mnazi uliomo ukawa wa mtu mwingine, na akija kuangua nazi zake humzuii kupita. Mnazi ule ulikuwa wa shangazi yangu, dada wa baba. Mumewe alipomwoa alimpa mahari ya minazi mitano. Minne ilikwenda mmoja mmoja, kwa radi, kwa uzee, na mwaka mmoja wa njaa. Ukabaki huo. Mumewe alipofariki, mashemeji walimuuzia tajiri nyumba na kiwanja, na shangazi akahamia chumba cha uani kwetu. Lakini siku ya kuuza ilisemwa wazi mbele ya mashahidi kwamba kiwanja kimeuzwa na mnazi haukuuzwa. Tajiri akaitikia, kwa sababu siku ile alikuwa na haraka na mnazi mmoja aliuona si kitu.

Kwa mnazi ule shangazi alipata tui la wali wake, makuti ya kusuka, na madafu ya kuwauzia wafanyakazi wa makampuni waliokuwa hawajui bei. Lakini si hayo tu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, analala chumba cha nduguye marehemu, anakula na watoto wa nduguye. Mnazi ule ndio ulikuwa kitu pekee duniani ambacho hakuna mtu angeweza kumwambia si chako. Wala msimdhanie bibi mpole. Alikuwa na ulimi mkali, na alipoutumia hata kuku walihama uani.

Tajiri akamwendea na pakiti ya sukari na maneno laini. Akamwambia ataje chochote anachotaka, mnazi ukatwe. Nilikuwapo. Shangazi hakuinua hata macho kwenye ukuti aliokuwa anasuka.

“We ntoto wa juzi,” akamwambia mtu mwenye mvi. “Nnazi ule mahari yangu. Nikiuza, ntakuwa nimeolewa bure.”

Tajiri akarudi kwangu na jasho lake. “Zungumza naye, fundi. Si damu yako?”

Sikuzungumza naye. Nilikuwa na wazo langu, na wazo hilo lilinifurahisha kuliko wema wowote. Nitalibadilisha bango. Nitamwonyesha bwana wa Pemba kwamba mchoro wake ni karatasi ya kufungia maandazi, nitamwonyesha tajiri kwamba pesa hazinunui akili, na nitaubakiza mnazi wa shangazi pale pale ulipo. Nilijiona mkubwa kwelikweli.

Kazi ikaanza kwa kubomoa mchoro kipande kwa kipande. Mchoro ulitaka mbavu za herufi ziwe za bati jembamba. Bati jembamba kwenye upepo wa chumvi ule halimalizi Ramadhani mbili, kwa hiyo nikatumia alumini. Mchoro ulitaka nyuso za herufi ziwe za plastiki ngumu nyeupe kutoka Pemba. Ikaja juu ya chapa, yale magari yetu ya abiria, imelaliwa na mifuko ya saruji na mbuzi wawili, ikafika vipande vitatu. Nikakusanya madumu meupe ya mafuta ya kupikia, nikayapasua, nikayalainisha kwa maji ya moto na kuyanyoosha chini ya mawe siku mbili. Taa zikiwa nyuma yake, mwanga ulitoka mzito na mtulivu, mzuri kuliko wa ile plastiki ya duka. Nilipowasha mara ya kwanza bandani, kwenye mkono wa herufi T yakatokea maandishi ya dumu: shika hapa, usipindue. Niliyakwangua kwa kisu, ingawa moyoni nilitamani niyaache, maana yalikuwa maneno pekee ya maana katika bango lile zima.

Kisha nikalikata bango katikati. Mchoro ulitaka fremu moja ndefu. Mimi nikafanya fremu mbili, kila moja na nguzo zake. Kushoto jina la tajiri, kulia HOTEL, kimo kimoja, na kati yake pengo la shina, nikiacha shubiri mbili kila upande ili upepo wa kusi ukiuyumbisha mnazi usigonge chuma. Tatizo likabaki la ule mwali wa gesi. Fremu ikishagawanyika, haukuwa na pa kukaa.

“Na moto wangu je?” tajiri akauliza, kama mtoto aliyenyang'anywa kashata.

Moto wake! Moto wa gesi ambayo hajawahi hata kuchemshia chai. Hapo ndipo nikamtolea wazo langu. Nikamwambia tutachimbia taa nne za kumulika chini ya mnazi, zielekee juu, ziangazie kichwa chake. Makuti yatawaka yote. Mnazi wenyewe utakuwa mwali.

Akautazama mnazi kwa mara ya kwanza tangu alipokinunua kiwanja. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia mimi si fundi, mimi ni mhandisi. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Kwa ajili ya zile taa nne nilimpigia tena bwana wa Pemba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mahali pa kuzinunua. Nikamuuliza, kwa kupita tu, habari ya wadudu.

“LED haiiti wadudu, mestre,” akasema. “É ciência. Hiyo ni sayansi.”

Nikayachukua maneno yale nikayaweka.

Shangazi akaja kukagua kabla sijamwaga saruji. Akazunguka shina mara mbili na mikono nyuma. Akaniwekea masharti: nisiupigie nnazi nsumari, nisiufunge waya, nisiupake chokaa. Nikaapa. Na katika hayo sikumvunjia hata moja, hadi leo najivunia kwamba hakuna chuma changu kilichogusa gome la mnazi ule.

Akaziangalia taa, akaangalia juu, akauliza, “Na chonga je?”

Chonga ni yule dudu mweusi mwenye pembe puani, mkubwa kama kidole gumba. Hutoboa moyo wa mnazi na kula ndani, na huifuata taa popote inapowaka. Hakuna mtu wa pwani yetu asiyemjua. Mimi mwenyewe utotoni nilikuwa nikimngoja baada ya magharibi chini ya karabai ya duka. Akianguka tulimfunga uzi mguuni, akavuma akizunguka vichwani mwetu, tukacheka. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Na mwaka ule chonga walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu kila aliyejenga hoteli yake ya ndoto alikata minazi na kuyaacha magogo yaoze uwanjani, na katika gogo linalooza ndimo chonga anamozaa. Wazee wetu waliyapasua magogo na kuyachoma. Sisi tulikuwa na haraka.

Nikamcheka. Mbele ya tajiri, mbele ya watu waliosimama kutazama, nilimcheka shangazi yangu.

“Hayo mambo ya karabai, shangazi,” nikamwambia. “Taa hizi za kisasa haziiti wadudu. Ni sayansi.”

Akanitazama kidogo. Akasema, “Haya. Wewe ndo fundi.”

Miezi mitatu nilikuwa nimemdharau bwana wa Pemba kwa kila mstari aliochora. Sikumwamini kwa bati, sikumwamini kwa vipimo, sikumwamini hata kwa rangi ya mbingu. Katika yote aliyoyasema mtu yule, nilichagua kuamini jambo moja, na ndilo hilo. Sababu naijua. Maneno yake yalilinda wazo langu.

Tuliliwasha jioni moja baada ya sala ya magharibi. Sitasema uongo, lilikuwa zuri. Herufi zilitulia katika mwanga wake wa madumu, na katikati mnazi ukasimama na kichwa cha dhahabu, kila ukuti ukihesabika. Pikipiki zilisimama barabarani. Tajiri alikuwa amevaa koti. Shangazi alikuja na kanga zake za sanduku, watu wakampisha mbele, wakamwambia mnazi wake umekwenda Ulaya bila pasi. Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mumewe azikwe.

“Nnazi wangu umevaa,” akasema.

Bwana wa Pemba akaomba picha kwa simu. Nikampelekea. Baadaye nikasikia anaionyesha kwa wateja wake kama kazi yake, mnazi na vyote, mnazi ule ule alioufuta. Nilimtukana siku mbili mfululizo. Sasa naona alistahili kabisa kuichukua ile kazi. Ilikuwa yetu wawili.

Masika yalipokwisha, makuti mapya yakachanua yakiwa na mapengo. Mnaojua mnajua: ukuti unatoka umekatwa pembe, kama karatasi iliyokunjwa ikapitishwa mkasi. Nilizipita zile alama kila siku nikienda sokoni. Siku za mwanzo nilijiambia ni upepo. Shangazi hakujiambia kitu. Alimwita mkwezi, na mkwezi akaja bandani kwangu kuniomba nimtengenezee ndoana ya waya mrefu, ya kuwavutia chonga nje ya matundu yao. Nikamtengenezea. Alipoteremka alikuwa na kopo la maziwa limejaa, wanakwaruzana ndani kwa pembe zao. Shangazi aliwamwaga mchangani mbele ya kuku, akaniangalia.

Nikaenda kwa tajiri. Nikamwambia azime zile taa nne, herufi ziendelee kuwaka, ila zile nne azime.

“Lakini fundi,” akasema, “wageni ndizo wanazozipiga picha.”

Wageni! Wiki ile alikuwa na wageni wawili, dereva aliyeharibikiwa na gari na mchukua sampuli za udongo aliyelala siku moja akalalamikia godoro. Nikamwambia hivyo. Akaniambia bango limekuwa sura ya hoteli, na sura haizimwi. Akaniuliza, si nilimwambia mwenyewe kwamba hazivuti wadudu?

Nilikuwa na koleo mfukoni. Waya ulipita chini ya jiwe nililoliweka kwa mkono wangu, ningeukata kwa pumzi moja na hakuna mtu Palma ambaye angeweza kuunganisha isipokuwa mimi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuukata. Jibu halipendezi. Watu kutoka Mocímboa hadi Pundanhar walikuwa wanakuja bandani kuniuliza kama mimi ndiye niliyetengeneza lile bango la mnazi, nami nilikuwa nikijibu ndiyo. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya langu nikihesabu makundu ya wenzangu.

Mkwezi alipanda mara nyingine nne. Kila kopo lilijaa. Kisha moyo wa mnazi ukaoza, ukuti wa katikati ukalala upande, mingine ikafuata, na siku moja ya kaskazi kichwa chote kikaanguka kati ya jina la tajiri na HOTEL bila kugusa herufi hata moja. Pengo langu lilikuwa limepimwa vizuri. Likabaki shina tupu, refu, limemulikwa na taa nne hadi juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Unadhani tajiri alihuzunika? Alikuja bandani asubuhi yake. Akasema shina limemharibia sura, amekwisha tuma watu walikate, maana mnazi uliokufa hauna mwenyewe. Sasa anataka nimtengenezee mwingine. Wa chuma. Shina la bomba, makuti ya bati, na taa za kijani za kamba juu yake kote. Huo chonga hatautoboa, akasema, akacheka peke yake. Nilimtazama kwa dharau yote niliyokuwa nayo. Halafu nikachukua futi, nikaanza kupima bomba.

Nilikuwa nimefika ukuti wa sita shangazi alipoingia. Hakuwa na kawaida ya kuja bandani, moshi ulimkera. Chini ya kwapa alibeba mafungu ya mwisho ya makuti ya mnazi wake, makavu, aliyoyaokota pale chini kabla watu wa tajiri hawajayachoma. Alisimama mbele ya ule mnazi wa chuma uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akaunyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ukuti mmoja wa bati, taratibu, kama anayepima uzi. Nilikuwa nimeutengeneza vizuri. Hata mshipa wa katikati niliuweka.

“Huu wa nani?” akauliza.

“Wa tajiri, shangazi.”

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira, hasira yake nilikuwa nimeizoea tangu utoto.

“Basi,” akasema. “Sasa nimeolewa bure.”

Akayaweka vizuri makuti yake kwapani, akainama kuukwepa waya wa mashine, akatoka. Nikavaa miwani, nikachomelea ukuti wa saba.